Neno "mlambichi" lilivyorudisha posa yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni Mndengereko wa Kibiti. Kwetu mtu mwenye papara, asiyengoja kitu kiive, tunamwita mlambichi. Nimekua nalo, hata kwenye mpira tunarushiana, sikuwahi kujiuliza limetoka wapi.

Nikampenda Mwajuma, binti wa Kimatumbi wa Ikwiriri. Tukapeleka posa, msemaji wetu baba mdogo. Jamani, mzee yule mdomo wake hauna breki.

Tukapokewa vizuri. Ukaletwa wali, kiini bado kigumu, si mnajua haraka za shughuli. Baba mdogo akatafuna, akacheka:

"Wamatumbi bwana! Walambichi hamuachi asili!"

Kwake ulikuwa utani, maana sisi na wao ni watani.

Lakini bibi yake Mwajuma akaweka sahani chini. "Weye mwanangu, unajua mlambichi wa kwanza alipakua nini?"

Akasimulia. Wakati wa vita vya Maji Maji, Wajerumani walichoma chakula kote milimani. Watu wakaishi kwa ndiga, kiazi cha porini chenye sumu. Ndiga unaikata vipande, unailoweka siku kadhaa kwenye maji yanayotembea, ndipo inalika.

Sasa mtoni kuna askari, nani atakaa kusubiri?

Nyanya yake bibi huyo, mzaa mama yake, aliiopoa kabla ya wakati, akawapa wanawe. Wakamfia mikononi. Alipofika huku bondeni kuomba hifadhi, wenyeji wakampachika jina hilo. Wenyeji wenyewe ndio wazee wetu sisi.

"Waliokula hawakuzaa," bibi akasema. "Mama yangu alipona kwa kuwa alikuwa amelala, hawakumwamsha. Sisi wote humu tumetoka kwa mtoto aliyelala na njaa."

Baba mdogo alipiga magoti kuomba radhi. Wapi! Posa ikarudishwa palepale.

Mwajuma aliniambia ananipenda, ila hawezi kuzaa watoto watakaoitwa hivyo na babu yao. Ameshaolewa kwingine. Bado inaniuma, sidanganyi.

Nilichojifunza: utani una mipaka, na mipaka yenyewe huijui mpaka umeshaivuka.

Kama kwenu lipo neno la namna hii mnalolichekea, liwekeni hapa. Ila kwanza kawaulizeni wazee, lilianza kwa kifo cha nani.