Nilivyomponza mama wa watu kwa tafsiri ya adabu, na union ilivyotuinua (Houston)

Wakuu, heshima zenu. Wanaonijua humu wanajua sipendi kupamba stori. Hii si chai, nimeifanya mwenyewe, na ubaya wangu nimeuacha humo humo.

2018 nilikuwa laundry kwenye hoteli moja kubwa Houston, jina naliweka kapuni. Naishi Stafford, so kila asubuhi ni ku-drive na kulaani foleni.

Housekeeping, wale wa kusafisha vyumba, walijaa wamama wa Kirundi, wengi walipitia kambi za Kigoma kabla ya kuletwa huku. Kiswahili wanacho, Kiingereza ni cha kuombea maji. Mimi ni mtu wa Kasulu, basi manager akitaka kuongea nao ananiita mimi. Cheo hakuna, ila nilijiona balozi!

Kati yao alikuwepo Mama Consolata. Rika la mama yangu mzazi, ananiita mwanangu. Siku hiyo alikuwa anageuza godoro la king size peke yake, bega likalia kwaa. Mkono ukagoma kupanda.

Tukaitwa ofisini. Mama akaniambia, "Mwambie hili godoro nimelilalamikia mara tatu, mtu mmoja haliwezi. Walikataa kunipa mwenzangu, sasa wameniua bega."

Wakuu, mnajua tulivyolelewa. Mkubwa haambiwi hivyo usoni. Unapunguza makali kwanza.

Nikamwambia manager, "She says sorry, her shoulder hurts a little, maybe she needs rest." Yaani anaomba radhi, bega linamuuma kidogo tu, labda apumzike.

Manager akatabasamu, akaandika, akampa Mama karatasi. Nikamwambia Mama asaini tu, ni utaratibu. Sikuisoma. Mwanaume mzima, na Kiingereza changu cha kujidai!

Baada ya wiki mbili Mama akatolewa kwenye ratiba. Kuuliza, HR wakatoa ile karatasi: maumivu ya kawaida, hayahusiani na kazi. Daktari hakuna, kazi hakuna.

Nitoke nje ya mada kidogo. Texas hapa, sheria haimlazimishi mwajiri binafsi kuwa na bima ya wafanyakazi wanaoumia. Anajiamulia. Hoteli yetu ilikuwa na mpango wake wa ndani, na huo unataka useme mapema na wazi kwamba umeumia kazini. Usiposema, imekula kwako.

Jumapili wenzetu parokiani wakataka kumchangia. Moyo mzuri, ndivyo tulivyo. Mama akakataa. "Sijaugua, nimeumizwa kazini. Nataka daktari na kazi yangu." Halafu akanigeukia. "Mwanangu, uliwaambia nilivyosema?"

Nikakiri. Hakufoka. Akasema tu, "Basi nenda kawaambie." Afadhali angenizaba kofi.

Kipindi hicho watu wa union, chama cha wafanyakazi, walikuwa wanakusanya saini zetu ili tupige kura ya kujiunga. Nilikuwa nawakwepa kama watu wanaonidai. Kijiweni tulishatishana kwamba ukiwagusa tu unafukuzwa, sijui makaratasi yako yatachunguzwa, blah blah.

Nikaenda. Organizer wao, dada wa Kimeksiko anaitwa Lupe, akanieleza kwamba kuunga mkono union kunalindwa na sheria ya nchi nzima, Texas ikiwemo. Ila hakunidanganya. Alisema boss anaweza kuivunja hiyo sheria na kesi ikachukua muda mrefu, kwa hiyo tusimame wengi.

Nikaandika statement: nilitafsiri vibaya, maneno yake halisi ni haya. Nikasaini jina langu kamili, nikaipeleka HR, nao wakaikalia. Wife akaniuliza kama nimerogwa. Manager akaacha kunisalimia, nami sikukonda.

Kila off nikawa napita nyumba kwa nyumba, Alief mpaka Stafford, kuongea na wamama. Wengine walinifungia mlango. Nikarudi. Walijua kilichompata Consolata, na walijua ni kwa mdomo wa nani, kwa hiyo nilianza na hilo kila nilipokaa.

Kura ikapigwa, tukashinda. Tulipokaa kujadili mkataba, 2019 hiyo, jambo letu la kwanza lilikuwa faili la Mama lifunguliwe upya. Walivuta miguu, tukawakomalia, wakakubali.

Siku ya kumsikiliza Mama upya, HR wakaleta mkalimani wa kwenye simu. Mama akamkataa. Akaninyooshea kidole, "Huyu. Anajua alichoharibu."

Akaongea kirefu. Mara tatu alizolalamika, majina ya aliowaambia, na kwamba hata punda hupumzishwa. Nikatafsiri yote, punda akiwemo. Sikupunguza kitu. Yule dada wa HR akaomba nirudie, nikarudia.

Mama alipelekwa kwa daktari, bega likafanyiwa upasuaji, akarudi kazini chumba cha mashuka. Na mkataba unasema magodoro makubwa ni watu wawili, na hakuna kusaini ripoti ya kuumia mpaka usomewe kwa lugha yako, mwakilishi wa union akiwepo.

Lakini hiyo ni hoteli yetu tu. Hoteli ya jirani hawana mkataba, wana huruma ya boss. Ndiyo maana nasema sheria yenyewe ibadilishwe, na haitabadilika tukiendelea kuchangiana kimya kimya.

Nilichojifunza: adabu yako ipeleke kwa wakwe. Mtu akiumia, peleka maneno yake kama yalivyo.

Haya, mlioko warehouse za Dallas na mnaolea wazee huko Pearland: kwenu mtu akiumia, ripoti anaandika nani, na inasomwa kwa lugha gani? Semeni. Na anayetaka kunitukana kwa ile "hurts a little", ruksa. Mama Consolata bado hajanisamehe, ananiambia nisubiri bega lipone kabisa.