"Mchakato" kwa Kisukuma

Nilipokuwa diwani, niliuliza kwenye baraza la halmashauri kwa nini zahanati ya kata yetu, ambayo wananchi walijenga kuta kwa nguvu zao, bado haijaezekwa. Mkuu wa idara ya afya alijibu kama alivyojibu kikao kilichopita: "Mchakato unaendelea."

Dada yangu alifia njiani akikimbizwa hospitali ya Bariadi kujifungua, na mama yetu, asiyejua Kiswahili, alikuwa ameketi nyuma, kwenye viti vya wananchi. Nikamtaka yule bwana, Msukuma mwenzangu, amweleze mama huo mchakato kwa Kisukuma.

Alisimama. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia. Kisha akatafuta neno, akalikosa, akaketi.

Tukirudi nyumbani Dutwa, mama aliniuliza, "Yule kijana ana adabu, kanisalimia vizuri. Sasa zahanati kasemaje?"