Siku Mama Nyangi Alipofunga Komeo

Hyasinta wa Buhare hakuwa mtu wa kuficha mtoto, na ole wako umwambie vinginevyo. Miaka kumi na miwili iliyopita, yeye na akina mama wanne walianzisha kikundi cha wazazi wenye watoto wenye ulemavu wa akili, wakikutana pale kanisani Iringo baada ya misa. Kikafika Bunda, kisha Butiama. Kazi yao ilikuwa kubisha hodi kwenye nyumba ambazo majirani wamenong'ona kwamba kuna mtoto amefungiwa. Wakikaribishwa chakula, hawali. "Mlete kwanza mtoto, tule naye," Hyasinta husema, na hata umsihi vipi, hanawi mikono.

Lakini Jumamosi ile ugeni ulikuwa wa kwake. Watu wa Butiama walikuwa wanakuja kuzungumzia mahari ya Grace, binti yake wa pili. Waposaji wa kwanza walishakuja mwaka juzi. Wakamwona Nyangi, dada mkubwa, mwanamke wa miaka ishirini na sita mwenye akili za mtoto mdogo. Wakaaga kwa adabu, wakapotea moja kwa moja. Grace alilia mwezi mzima.

"Shemeji, safari hii tusirudie kosa," alisema Baltazar, mdogo wa marehemu mumewe. "Watasema ni ugonjwa wa kurithi. Nyangi akaage stoo, kwa saa mbili tu."

Hyasinta alimtazama Grace. Grace aliinamisha kichwa. Basi mama akamshika Nyangi mkono, akamwingiza stoo, akafunga komeo kwa nje. Alijichukia, lakini alifunga.

Wageni walifika saa saba. Wa mwisho kuingia alikuwa shangazi wa bwana harusi, akimwongoza kijana mkubwa aliyekuwa akitokwa na udenda. Hyasinta aliwatambua mara moja. Shangazi alikuwa Dorotea, na kijana ni mwanawe Enos, ambaye Hyasinta mwenyewe alimkuta miaka mitatu iliyopita amefungiwa kwenye banda la mbuzi. Hakujua kabisa kwamba ni wa ukoo huu.

Dorotea alimkumbatia, kisha akamkalisha Enos katikati ya wazee. "Siku hizi siendagi popote bila yeye," aliwaambia wenzake. "Huyu mama ndiye alinitoa aibu."

Ugali na samaki sato vikaletwa. Maji ya kunawa yalipomfikia, Dorotea aliyakataa.

"Mama Nyangi, Nyangi mwenyewe yuko wapi? Si uliniambiaga na wewe una wako?"

"Ameenda kwa bibi yake, Bunda," Baltazar alidakia.

Dorotea hakumgeukia. "Mimi namuuliza mama yake. Bila mtoto wa nyumba hii, sili."

Wazee wakaacha matonge mezani. Uongo ulikuwa umeshasemwa. Alichotakiwa Hyasinta ni kuitikia tu, na Grace aolewe. Grace alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi.

"Mama," alisema, na kila mtu alimsikia, "kamfungulie."

Hyasinta alitoka mbio, akafungua stoo. Nyangi alikuwa ameketi juu ya gunia la mihogo, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Aliviondoa kidogo.

"Sijapiga kelele, mama," alinong'ona. "Sasa watamwoa Grace?"

Nyuma ya mama yake, Dorotea na wageni walikuwa wameshafika, wamesikia, na Hyasinta hakuwa na pa kuuweka uso wake.