Ngozi ya Siti ya Baba

Ile mvua ya mawe iliyolaza mahindi ya bibi naikumbuka kuliko siku yangu ya kipaimara. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Jirani yetu alikuwa na bati, kwetu nyasi, kwa hiyo kelele zote tulizisikia kwake. Kwetu ilikuwa kama mtu anapiga godoro. Bibi alichota jivu jikoni akalimwaga mlangoni ili mvua ikome. Haikukoma. Akaitukana kwa Kihehe, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wajukuu wanasoma. Ilipopungua tukatoka na masufuria kuokota yale mawe, tukayatafuna kama karanga. Yalikuwa na ladha ya majani na moshi. Leo mwambie mtoto aokote barafu chini ale, uone kama mama yake hatakupeleka serikali ya mtaa.

Mawe yanahusu nini? Subiri, nafika. Sisi tuliotoka darasa la nne tukaenda kuchunga hatujui kushika jambo kwenye kichwa chake, tunalishika mkia.

Basi, tukiwa tunatafuna, baba akatokea kwenye kona ya shamba anasukuma baiskeli. Shati limeganda mwilini, midomo inatetemeka, shingoni ana alama nyekundu za mawe. Na koti lake, lile zito la mtumba, amelifunika kwenye siti ya baiskeli. Amelifunga na kamba ya mpira kabisa, lisipeperuke. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamtazama.

"Hebu niambie ukweli," akasema. "Mimi ulinioa, au nilisindikiza baiskeli?"

Baba akajibu, "Wewe ukilowa unakauka."

Hiyo siti ndiyo ninayotaka kuisema. Ilikuwa ya ngozi, ngozi hasa, imepigiliwa kwa misumari ya shaba, chini ina springi mbili zinazolia kama vifaranga. Ilipoingia nyumbani ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Miaka ikaifanya nyeusi, na makalio ya baba yakaichimba mabonde mawili, la kushoto refu kidogo kwa sababu mguu ule aliuvunja ujanani. Mtu mwingine akiikalia, inamkataa.

Kila Jumamosi jioni mimi na mdogo wangu tuliipaka mafuta ya nguruwe. Mama aliyahifadhi kwenye kopo tangu nguruwe wa Krismasi. Unalipasha kopo pembeni ya moto, unachovya kitambaa, unasugua. Mimi nilipaka mara mbili nikakimbilia mpira. Mdogo wangu alibaki anasugua, ulimi nje, mpaka anaona uso wake. Jumapili mbwa wote walimfuata baba kanisani, na tukitoka ibadani tunawakuta wamepanga foleni wanailamba. Mwenye duka la chumvi alikuwa Mwislamu, watu wake walitoka pwani. Alimwomba baba kwa adabu asiiegeshe kwenye ukuta wa duka. Baba hakukasirika, aliiegesha ng'ambo, na yule mzee akawa anavuka barabara mwenyewe kumletea chumvi. Watu walijua kuishi. Siku hizi wangerekodiana kwenye simu.

Baba alipofariki, siku ya kumaliza msiba wazee wa ukoo walinipa mimi baiskeli kwa kuwa ndiye mkubwa. Mdogo wangu wakampa sanduku la vifaa: plaizi, spana mbili, sindano ya kushonea ngozi. Alilia. Mimi nikamcheka, nikamwambia, "Sasa utafungua nini na hizo spana, mlango wa choo?" Alifungua banda la baiskeli pale Ilula, kando ya barabara kuu, na analo mpaka leo.

Sasa mwaka huu, nashuka na tenga la nyanya kwenye keria, nikasikia paa! Siti imepasuka kutoka puani mpaka nyuma, na ule ufa ukanibana mahali ambapo mzee wa umri wangu hana haja ya kubanwa. Nikashuka. Nikasukuma mpaka kwa mdogo wangu, natembea kama bata.

"Kamwene, kaka," akanisalimu.

"Kamwene. Shona hii."

Akaibonyeza kwa dole gumba. Ngozi ikamwagika unga kama mkate wa wiki iliyopita. Akatikisa kichwa. "Kaka, hii haishoneki. Sindano ikipita, inachana zaidi. Weka mpya." Akanionyesha juu, za plastiki zimening'inia kwenye waya kama popo, nyingine ina mstari mwekundu kama soda.

Hapo ndipo nilipowaka, na bado nawaka ninapoandika. Nikamwambia, "Wewe ni fundi au mwenye duka? Baba alikuachia sindano ili uwaonyeshe watu plastiki?" Maana ndiyo nchi ilipofika, jamani! Zamani sufuria ikitoboka fundi anapita anaigonga kiraka mnakula nayo miaka kumi. Mwavuli ulishonwa. Kiatu kilishonwa mpaka kikasahau ngozi yake ya kwanza. Sasa kila unapokwenda, tupa, weka mpya, tupa. Kanisani wametupa ngoma zetu wameweka spika, na spika yenyewe inakoroma. Nikayasema yote hayo kwa sauti, na wauza nyanya wakaacha wateja wakasogea.

Mama mmoja mwenye beseni akasema, "Babu, chukua mpya. Walau ufe umekaa vizuri."

Wakacheka. Mdogo wangu hakucheka.

"Sindano ya baba unayo?" nikamuuliza. "Au nayo umeitupa?"

Akainama kwenye sanduku, lile lile la baba, akatoa kitambaa, akakikunjua. Sindano inang'aa, haina kutu hata chembe. Ikanijia harufu ya mafuta ya nguruwe, nikaona kopo la mama pembeni ya moto.

"Kila Jumamosi naipaka," akasema. Halafu, taratibu tu, bila ugomvi, akaniuliza, "Na wewe kaka, siti hii uliipaka lini mara ya mwisho?"

Watu wote wananitazama.

Nilitaka kusema sina nguruwe. Nina nguruwe watatu, na yeye anajua. Sitakuficha wewe unayenisoma: tangu wazee wanipe, sikuipaka hata siku moja. Nilikuwa naiacha nje ya kilabu cha pombe, jua linaipiga, mvua inainyea, mimi ndani na ulanzi wangu nawaeleza vijana jinsi baba alivyoitunza. Nilikuwa nalisimulia lile koti, watu wanafurahi, na siti iko nje inalowa.

Lakini pale sikusema hivyo. Nilisema, "Unaniuliza mimi maswali? Mimi ni mkubwa wako!"

"Ni kweli," akasema. "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Naweza kubandika ngozi nyingine kwa chini, nishonee humo. Itakushika kama utaitunza. Kama hutaitunza, bora uchukue plastiki, ile haihitaji mtu. Sema, kaka. Nishone au nibadilishe?"

Manyunyu yakaanza. Wauza nyanya wakakimbilia turubai zao. Mdogo wangu akavua koti lake la kazi, jeusi kwa grisi, akaifunika ile siti iliyopasuka, akazungushia mpira wa tyubu akafunga. Wala hakunitazama. Mikono yake ilifanya tu, kama mtu anayefukuza nzi. Akabaki na fulana, anangoja jibu langu, na maji yanamshuka shingoni.

Bibi hayupo, baba na mama hawapo, kopo sijui lilikwenda wapi. Mabonde mawili ya baba yalikuwa pale chini ya koti, na kwenye dunia hii hayako mahali pengine. Neno moja tu lilitakiwa, na kinywa kilikuwa changu.

Nikatia mikono mfukoni. Nikapita katikati ya matenga, nikangoja lori lipite, nikavuka, nikapanda kilima chetu kwa miguu. Nilimsikia ananiita mara mbili. Sijarudi tena kule.