Niliiacha simu iite kibandani, na ng'ombe wa mke wangu anakufa nyumbani

Wakuu, habari za humu. Walio wadogo kwangu, marahaba, maana najua mmeshaniamkia kimoyomoyo.

Mimi ni mzee wa huku Endasak, chini ya mlima Hanang. Shule niliishia darasa la nne, kuandika nimejifunzia kwenye hii simu, kwa hiyo herufi zikipotea mnisamehe. Ila uongo hamtaukuta hapa. Ningetaka kudanganya ningejipamba.

Mke wangu, Mama Resti, alikuwa na ng'ombe anaitwa Madoa. Sikilizeni hapo: alikuwa WAKE. Mama yake alimpa mtamba alipoolewa kwangu, na Madoa ndiye alikuwa wa mwisho wa uzao ule. Mama mkwe alishafariki. Alikuwa mama mkali yule, aliwahi kunirudisha njiani kwa sababu nilimsalimia nikiwa natembea. Haya, hayo tuyaache.

Jambo jingine mlijue: mimi nina mikono myembamba. Ndama akikaa vibaya tumboni, majirani huniita mimi. Naingiza mkono, nanyoosha mguu uliokunjika, ndama anatoka. Kijiji kizima wanajua.

Sasa asubuhi hiyo Mama Resti akaniambia, "Baba Resti, leo usiende popote. Madoa hajala, anazungukazunguka tu."

Nikamwambia naenda kuchaji simu mara moja, kabla jua halijawa kali nimerudi.

Sola yetu ilikuwa imeharibika. Ila wakuu, niseme ukweli, chaji ilikuwepo ya kutosha. Nilitaka watu.

Pale kibandani barabarani kuna vijana wa bodaboda. Wakiniona tu: "Shikamoo babu! Leo utumalizie ile ya fisi!"

Hiyo ya fisi ni kweli ilinitokea, niliwahi kulala zizi moja na fisi nikidhani ni mbwa wa shemeji. Lakini kila nikiisimulia inarefuka kidogo.

Nikakaa. Chai ikaja. Kabla sijafika mbali wakaja majirani wawili wanagombana, mbuzi wa mmoja amekula maharage ya mwenzake. "Mzee, wewe ndiye mwenye maneno, tuamulie."

Nani atakataa kuambiwa hivyo? Nikawaamulia. Ikachukua muda. Nikarudi kwa fisi.

Simu ikaita. Mwenye kibanda akasema, "Mzee, ni Mama Resti."

Nikamjibu, "Iache iendelee kula chaji. Mwenye shida atapiga tena."

Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka.

Akapiga tena. Nilikuwa nimefika pale fisi anapiga miayo, patamu kabisa. Nikamwambia mwenye kibanda aizime sauti.

Nilirudi saa saba mchana.

Nilimkuta Mama Resti amekaa chini kwenye tope la zizi, damu imempanda mpaka viwikoni. Kichwa cha Madoa kiko mapajani kwake. Ndama alikuwa ametoka, amekufa. Mguu mmoja ulikuwa umekunjika kwa nyuma, basi. Kitu cha kunyoosha mara moja tu.

Madoa naye hakufika jioni.

Majirani wakaja, kama ilivyo kawaida yetu mtu akipatwa na jambo. Wale vijana wa bodaboda nao wakaja. Mmoja akauliza kwa heshima tu, "Babu, imekuwaje?"

Nikafungua mdomo. Mama Resti akasema polepole, bila kuniangalia:

"Mwacheni amalize kwanza hadithi ya fisi."

Kumbe walishamwambia nilikuwa wapi. Wakuu, nimewahi kupigwa na baba yangu mbele ya watu, nikiwa na mtoto tayari. Haikuuma hivyo.

Hajawahi kunigombeza. Siku hizi nikimwambia natoka kidogo, ananijibu, "Nenda tu." Maneno hayo mawili yananirudisha ndani.

Mwezi uliopita jirani alikuja mbio, ng'ombe wake amekwama. Nikakunja mikono ya shati. Mama Resti akawa ameshatangulia. Siku ile ya Madoa alikuwa amejifunza mwenyewe, peke yake, kwa ng'ombe wake. Akaingiza mkono, akanyoosha, ndama akatoka mzima.

Mimi nilibeba ndoo ya maji.

Ninachowaambia ni hiki. Watu wanaokusifia wana siku nyingi za kukusifia. Aliyeko nyumbani ana asubuhi moja tu anayokuhitaji, na hakuambii mara mbili. Mimi aliniambia mara tatu, na simu mbili zikiwemo.

Kama kuna aliyewahi kufanya ujinga wa aina hii aandike hapa chini, nisijione niko peke yangu. Na wa kunitukana atukane, nimestahili.

Nilitaka niwaeleze pia yule mwenye mbuzi alivyo... Hapana, nakatisha. Mama Resti ananiita, na ameita mara moja tu.