Kasi ya Kwenye Boksi

Watu walimwita Kiwembe, na jina hilo lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake: alikuwa mkata sauti. Msomaji akikosea neno, akikohoa au akimeza mate, Kiwembe alikwenda palepale penye kosa na kuliondoa bila sikio la mtu kugundua. Ya pili ni ulimi wake. Hiyo haihitaji maelezo. Ungekaa naye kidogo ungeielewa, na huenda ungeondoka unavuja damu.

Kazi aliifanyia nyumbani. Chumba kimoja alikigeuza studio: magodoro yamesimamishwa ukutani, mablanketi mazito dirishani, maikrofoni, na kiti kisicholia hata ukijigeuza. Kompyuta aliiweka sebuleni, waya ukapita kwenye tundu alilotoboa mwenyewe, ili mvumo wa feni usiingie kwenye sauti. Alirekodi vitabu vya masomo kwa ajili ya shule ya wasioona. Msomaji wake alikuwa mzee mmoja, mtangazaji mstaafu, aliyesoma kwa sauti nzito iliyotulia kama maji mtungini. Pumzi zilikuwa zimeanza kumsaliti, kwa hiyo alisoma ukurasa, akafumba macho, akapumzika, akaendelea.

Vitabu vilipozidi kuwa virefu, kompyuta ikaanza kujikokota. Kiwembe akamwita shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi mwenye duka la kompyuta. Shemeji akaja na vipande viwili vya kumbukumbu, vile mafundi wanavyoviita ram, akavipachika kando ya viwili vya zamani. Jina la kampuni lilelile, kasi ileile iliyoandikwa kwa maandishi makubwa juu ya boksi. Akaingia kwenye mipangilio, akaiwasha kasi hiyo, maana haijiwashi yenyewe, akapangusa mikono kama aliyemaliza kujenga daraja.

"Shemeji, hii sasa si kompyuta. Ni ndege."

Ndege ikaanza kuanguka. Mara ijizime katikati ya kazi na kujiwasha yenyewe, mara skrini igeuke bluu, mara programu ya sauti ijifunge bila kuaga. Siku nyingine ilikaa kutwa nzima bila tatizo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana kila fundi alipokuja, mashine ilikaa kimya kama mtoto mtundu aliyeona wageni.

"Ni umeme wa mtaa huu," shemeji alisema.

Kiwembe akanunua kifaa cha kutuliza umeme. Ikaendelea kuanguka.

"Basi ni vumbi." Akaisafisha kwa brashi mpaka ndani ya feni. Ikaendelea kuanguka. Shemeji akafuta kila kitu na kuweka programu upya, Kiwembe akapoteza mipangilio yake yote ya sauti. Ikaanguka kesho yake asubuhi.

"Shemeji, labda ni wewe. Unafungua mambo mengi kwa pamoja."

Mdogo wake naye akapiga simu kumtetea mumewe. "Dada, nawe kwa hasira! Hata mashine inakuogopa."

Walicheka wote wawili, yeye na mumewe. Kiwembe alimsikia shemeji akicheka kwa nyuma. Akakata simu. Lakini maneno yale yalimwingia. Akaanza kubonyeza vitufe taratibu, kwa woga, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akidhani kweli tatizo ni mikono yake.

Halafu mwalimu wa shule ile, naye asiyeona, akampigia.

"Mama, kitabu cha jiografia kina shida. Kwenye sura ya mito, mzee anapotaja maporomoko, kuna kitu kinapasuka. Kama mtu amekuvunjia kijiti sikioni. Mbele kidogo sentensi inakatika, inarudia neno moja mara kadhaa. Wanafunzi wamevua hedifoni. Mmoja ameniuliza kama mzee anaumwa."

Kiwembe akafungua nakala aliyoitumia shule, akasikiliza. Kweli. Alipoikata sura ile ilikuwa safi, alikuwa na hakika kama anavyolijua jina la mama yake. Basi uchafu uliingia ndani ya mashine: sauti ilikaa kwenye kumbukumbu mbovu, ikaharibika humohumo, ikahifadhiwa ikiwa imeharibika. Sura tatu zilikuwa hivyo. Na sauti ghafi ya mzee ilikwishafutwa siku ile shemeji alipoweka programu upya.

Mori ukampanda. Akachomoa nyaya, akaibeba kompyuta kifuani, akaita teksi. Alipofika dukani aliitua juu ya kaunta, katikati ya wateja.

"Ipime kumbukumbu."

"Karibu kwanza, shemeji. Si unaona nina watu?"

"Na wao waone."

Shemeji akacheka kidogo, akaona hachekewi. Akachomeka flashi yenye programu ya kupimia, akaendelea kuhudumia wengine. Kiwembe akakaa juu ya boksi la printa, mkoba mapajani, macho kwenye skrini. Muda ukapita. Mstari mwekundu ukatokea. Kisha mwingine. Kisha skrini ikajaa wekundu kama upele.

"Fundi," Kiwembe aliita. Hakusema shemeji.

Sasa alikuja kweli. Na tumpe haki yake: alipoamua kufanya kazi, aliijua. Akatoa vile vipande vipya, akapima vya zamani peke yake kwa kasi ileile ya kwenye boksi: safi. Akageuza, akapima vipya peke yake: safi. Akarudisha vyote vinne: wekundu. Mchana ukaegemea jioni, wateja wakaondoka, Kiwembe hajanyanyuka.

"Kila viwili ni vizima," shemeji alisema hatimaye. "Shida ni vinne kwa pamoja. Ile kasi kampuni huipima kwa vipande vya boksi moja. Ukichanganya maboksi, ukajaza nafasi zote, bodi inayovibeba inaweza kulemewa."

"Ulikuwa unajua?"

Akajifanya anatafuta bisibisi.

"Nimekuuliza."

"Nilijua inaweza kutokea. Si lazima itokee. Kuna wateja wangu wengi tu inawakubali."

"Na hukusema."

"Ungesema nimekuletea kitu cha polepole." Akageukia mipangilio haraka, akaishusha kasi ngazi moja, akapima tena. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Akatabasamu. "Unaona? Imetulia. Na tofauti yenyewe hata huisikii."

"Kama siisikii, uliiwasha ya nini?"

Akaichomoa flashi, akaitia mfukoni.

"Uliniambia umeme. Ukaniambia vumbi. Ukamwambia mdogo wangu kwamba mimi ndiye mbovu, mkakaa mkacheka. Mimi nimeshika kompyuta yangu kama mwizi, naogopa kuigusa! Na wewe dawa unayo kwenye kidole, kugusa mara moja tu. Sasa funga duka. Tunakwenda kwa mzee, na utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kwa nini anasoma upya."

"Shemeji, si tungempigia tu..."

"Funga duka."

Wakaenda. Mzee aliwapokea barazani kwake na kumsikiliza fundi mpaka mwisho: boksi, kasi, bodi, kulemewa. Kisha akauliza swali moja. "Kwa hiyo sura zangu zimekufa?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nitazisoma. Nitasoma kwa kasi yangu."

Alisoma wiki hiyo, mara nyingi akisimama kutafuta pumzi. Kiwembe alimlazimisha shemeji kuwepo siku ya kwanza, fundi akakaa sebuleni kando ya kompyuta, hedifoni masikioni, akiisikia kila pumzi ilivyovutwa. Kompyuta haikuanguka siku hiyo wala nyingine yoyote. Mwalimu alipopokea faili alisema mzee amepona.

Mdogo mtu ndiye aliyenuna. "Umemdhalilisha mume wangu mbele ya wateja wake."

"Alijidhalilisha. Mimi nilibeba mashine tu."

Hawakuzungumza muda mrefu. Mwishowe mdogo wake alikuja kumtembelea, wakakaa, wakaongea habari za mama yao na bei ya mapazia. Shemeji alibaki nje garini, kioo kimepandishwa. Kiwembe alimtazama dirishani, akasonya, akamimina chai kikombeni, akampelekea.

Kioo kikashuka. "Shemeji, kuhusu ile kompyuta..."

"Unasema pole, au unaeleza tena?"

Akakipokea kikombe, akapuliza mvuke.

"Kunywa chai," Kiwembe alisema, akarudi ndani.