Viatu Juu ya Tenga

Wiki iliyopita vijana wenye kamera walikuja kuniomba ua wangu, nyuma ya ghala langu hapa Morogoro mjini, warekodi tamthilia ya watu wa hali ya chini. Nikawakubalia. Mimi niliyeishia darasa la saba ndiye mwenye ghala na malori matatu, na wasomi ndio wanaobisha hodi. Lakini nilipomwona binti anayeigiza mama wa mlimani, amepakwa tope mpaka magotini, ndugu yangu, nikarudi utotoni papo hapo.

Bibi alinilea Uluguru, juu kule. Siku ya soko nyumba ilinukia moshi na magimbi ya kuchemsha. Alipanga karoti na njegere kwenye tenga, na juu kabisa akaweka viatu vyake vya plastiki. Viatu vilisafiri kichwani, miguu ikatembea peku. Kwenye kijito cha mwisho kabla ya mji, wanawake wote walitua mizigo, wakasugua visigino kwa jiwe, wakajifunga khanga safi, ndipo wakavaa viatu. "Mjini hawalijui shamba langu," bibi alizoea kusema. "Wanaijua miguu yangu."

Baadaye nikaletwa kusoma mjini. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alitunga igizo la umaskini wa mjini, tuwaonyeshe wazazi siku ya kufunga shule. Binti wa duka, Mhindi pekee darasani, akapewa utajiri na gari la maboksi. Mimi, ingawa mvulana, kwa lafudhi yangu nikapewa nafasi ya mama wa mlimani anayeombaomba.

"Vaa matambara, jipake tope, uongee Kiluguru chenu watu wacheke," mwalimu akasema.

"Hilo tope usilinawe, limekukaa," wenzangu wakanitania.

Binti wa duka akaninong'oneza, "Mimi nimepewa gari, na kwetu tunalala sita chumba kimoja nyuma ya duka."

Siku ilipofika, bibi alikaa benchi la mbele na wenzake wa sokoni, viatu miguuni. Nikatokea na tope langu, tenga kichwani. Watu wakaangua kicheko. Nikamwona bibi akivuta miguu yake taratibu, akaificha chini ya benchi.

Nikaacha maneno ya mwalimu. Nikatua tenga, nikaenda kwenye ndoo ya maji ya wageni, nikainama kunawa miguu. Binti wa duka akashuka kwenye gari lake, akachota kopo, akanimiminia. "Sugua na kisigino, mama," akasema kwa sauti ya kusikika.  Benchi la mbele likapiga vigelegele, na miguu ya bibi ikatoka.

"Umeniharibia igizo," mwalimu aliniambia tulipomaliza.

Bibi akamjibu kabla yangu. "Umelitunga vizuri, mwalimu. Sehemu ya miguu tu ndiyo uliyokuwa huijui."

Hayo yote niliwasimulia wale vijana. Yule mwigizaji akaniuliza, "Sasa mzee, ninawie wapi?"

Nikakosa pa kumwonyesha. Kijito kimezungushiwa ukuta, na akina mama siku hizi wanateremka na bodaboda, viatu miguuni tangu nyumbani. Bibi hayupo. Basi nikajaza ndoo bombani, nikachukua kopo, nikammiminia mwenyewe. Mimi, mwenye malori matatu, nimechuchumaa. Kamera ilikuwa inarekodi, na sikuwakataza.